Weupe Ulioachwa: Wanafunzi wa Zamani wa Tosamaganga Mbele ya Rangi za Maji

Ukiingia katika duka lolote la vifaa vya ujenzi mjini Iringa ukaomba rangi ya maji, muuzaji hatakuuliza wataka kuchora nini, atakuuliza una vyumba vingapi; kwani katika Kiswahili cha sokoni rangi ya maji ni ile ya kupaka ukutani, iuzwayo kwa ndoo, na mwenziwe ni rangi ya mafuta, ipakwayo milangoni na madirishani. Kwa hiyo asichekwe mama mmoja wa Tosamaganga, muuguzi mstaafu, ambaye alipopata taarifa kwamba kikundi chao kitakwenda mjini kutazama maonyesho ya rangi za maji, alizipima kuta za sebule yake kwa kamba, akaandika vipimo juu ya kikaratasi kilichochanwa kutoka daftari la mjukuu wake, akakikunja na kukitia mkobani. Kikaratasi hicho kilikwenda mjini na kikarudi, lakini hakikurudi kama kilivyokwenda, na habari yake itafuata mahali pake.

Tosamaganga ni mahali ambapo shule ina umri mkubwa kuliko mzee yeyote aliye hai. Jina la kilima hicho, kilicho mwendo mfupi wa gari kutoka mjini Iringa, limetokana na maneno ya Kihehe yenye maana ya kutupa mawe. Na ndipo wamisionari Wabenediktini wa Kijerumani walipojenga kituo chao mwishoni mwa karne ya 19, katika miaka ile ile ambayo Mtwa Mkwawa wa Wahehe, baada ya ngome yake ya Kalenga kuvunjwa mwaka 1894, alikuwa akiwasumbua Wajerumani kwa vita vya msituni hadi mauti yake mwaka 1898. Wajerumani walipoondoshwa nchini kwa Vita Kuu ya Kwanza, wakaingia wamisionari Wakonsolata kutoka Italia, na tangu hapo kengele ya kanisa na kengele ya shule zikawa ndizo zinazozigawa saa za watu wa kilimani pale.

Katika mazingira hayo ndimo walimosoma wanawake kumi na wawili ninaowasimulia hapa, ambao masista waliwafundisha kusoma, kuhesabu, kushona na kuimba, kisha dunia ikawatawanya: huyu akawa mwalimu, yule muuguzi, mwingine karani wa forodha, mwingine mkulima wa mahindi na alizeti, na baada ya kustaafu wengi wao wakarejea kilimani, kama ndege warudio kiotani jua likikaribia kuchwa. Umoja wao hauna ofisi wala muhuri. Una daftari moja la michango, lenye sehemu mbili, ya misiba na ya harusi, na una kiongozi mmoja, bibi wa wajukuu saba, ambaye wenzake humwita Kiranja hadi leo, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa darasani, na cheo alichopewa na masista hapana serikali iliyokitangua. Ndiye aliyesimama katika kikao cha mwezi wa Juni akasema maneno yaliyozaa safari hii: "Wenzangu, sisi tunakutana kwa machozi, na tunakutana kwa pilau. Lini tutakutana kwa maarifa?" Mimi, ambaye dada yangu ni mmoja wao, nilichukuliwa kwa sharti kwamba nibebe mikoba na nisiseme ovyo, sharti la kwanza nililitimiza.

Tulifika mjini asubuhi ya Jumamosi moja ya Julai, mwezi ambao upepo wa nyanda za juu hukausha midomo na vumbi hukaa juu ya majani ya mikaratusi kama unga. Ukumbi ulikuwa mdogo, picha hazikuzidi thelathini, na mapazia yote yalikuwa yameshushwa. Mchoraji, mtu wa miaka thelathini na ushei, alitupokea mlangoni akainama kwa taadhima. "Shikamooni, mama zangu." "Marahaba, mwanetu," wakaitikia kwa sauti moja, kama darasa; lakini muuguzi wetu alikuwa amekwisha kutupa macho ndani, akauliza, "Mbona mmetuwekea giza, kwani tuna surua?" Na kwa kuwa hapana mzazi pale asiyepata kumfungia mwanawe wa surua katika chumba chenye giza, walicheka wote, na woga wa kuingia mahali wasipopazoea ukawatoka.

Swali lile la mzaha, hata hivyo, lilikuwa na jibu la maana. Hapana hasimu mkubwa wa rangi za maji kuliko nuru, ambayo ndiyo hiyo hiyo izifanyayo zionekane. Mwangaza hupimwa kwa kipimo kiitwacho lux, na majumba ya makumbusho duniani aghalabu huziruhusia kazi za karatasi lux 50 tu, ilhali jua la adhuhuri nje ya mlango laweza kufikia lux 100,000. Ndiyo sababu picha za namna hii hutundikwa kwa miezi michache, kisha hurudishwa sandukuni. Wala si kwamba giza huziponya, bali kila saa ya mwangaza hupunguza umri wao, na mwenye busara huigawa nuru kidogo kidogo kama agawaye chakula mwezi wa njaa. Mchoraji alieleza hayo kwa maneno machache, na dada yangu, ambaye nyumbani kwake picha ya harusi imetundikwa mkabala na dirisha la mashariki, alinitazama kwa jicho la mtu aliyegundua wizi.

Picha ya kwanza ilikuwa ya Isimila, bonde lile lisilo mbali na barabara iendayo Mbeya, ambako mvua na upepo vimechonga nguzo ndefu za mchanga ulioshikamana, na ambako tangu mwaka 1951 wataalamu wamekuwa wakizichunguza zana za mawe zilizoachwa na watu wa kale mno. Nguzo zilikuwa na rangi ya tofali, vivuli vyake vya urujuani, na upande uliopigwa na jua ulikuwa mweupe wa kuumiza jicho. Kiranja alisogea hata pua yake ikakaribia kioo.

"Mwanangu, nyeupe hii umeinunua wapi?"

"Mama, hapo sikuweka kitu. Hiyo ni karatasi yenyewe."

Kiranja alinyamaza, akarudi nyuma hatua mbili, akatazama tena, kisha akawaita wenzake wote kumi na mmoja waje waone mahali ambapo hapakuwekwa kitu.

Katika jibu lile fupi imo sehemu kubwa ya elimu ya sanaa hii. Rangi ya maji ya mchoraji ni vumbi laini la rangi, litokalo katika udongo, mawe, mimea au viwanda vya kemia, lililosagwa pamoja na gundi ya mgunga, ambayo wafanyabiashara huiita gamu arabiki, na ambayo hugemwa katika nchi kavu kuanzia Sudani hadi mikoa yetu ya kati. Maji yenyewe ni mchukuzi tu: huipokea rangi kutoka kwenye brashi, huitandaza juu ya karatasi, kisha hukauka yakaenda zake, yakaiacha rangi imeshikwa na gundi. Kinachobaki ni utando mwembamba mithili ya alama ya chai juu ya kitambaa cheupe, nao hauzuii nuru. Nuru hupenya, hugonga karatasi, hurudi machoni petu ikiwa imekwisha kutiwa rangi. Huo ndio mng'ao wa picha hizi, ambao hutoka chini ya rangi na si juu yake, na ndiyo maana huwezi kuupata kwa kuongeza nyeupe. Waupata kwa kutogusa.

Mwenye kutumia rangi ya mafuta akikosea, hungoja ikauke, akalifunika kosa lake kwa tabaka jingine. Kadhalika wafuasi wa Edward Saidi Tingatinga, yule mzaliwa wa kusini aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya mbao bapa na kufariki mwaka 1972, huweka nyeupe juu ya nyeusi na njano juu ya nyekundu wapendavyo, kwani rangi hizo ni nzito na hufunika. Mwenye rangi za maji hana msamaha huo. Huanza na kilicho hafifu akaendea kilicho kizito, na mahali anapotaka pabaki peupe sharti apajue kabla hajalowesha brashi, apazunguke, apaache. Zipo hila za kuisugua rangi kwa sifongo, au kuongeza nukta mbili tatu za nyeupe nzito mwishoni, lakini jicho lililozoea huzigundua upesi. Wahenga waliosema kwamba maji yakimwagika hayazoleki hawakuwa wachoraji, lakini laiti wangekuwa, wasingebadili neno.

Baada ya mzunguko wa kwanza tuliketishwa mbele ya meza iliyokuwa na makopo mawili ya maji, sahani nyeupe ya bati ya kuchanganyia rangi, brashi tatu, na karatasi iliyobandikwa juu ya ubao kwa utepe pande zote nne. Makopo ni mawili, alieleza mwenyeji wetu, kwa sababu moja ni la kuoshea brashi na jingine hubaki safi, na asiyeyatenga huishia kupata anga la rangi ya matope. Akailowesha karatasi yote kwa maji matupu, akangoja mpaka mng'ao wa maji ulipoanza kufifia, akaigusisha buluu. Na buluu ile ikatembea yenyewe, ikatanuka kama moshi wa asubuhi juu ya mapaa, bila mtu kuisukuma. Kisha akakausha brashi kwa kitambaa, akaipitisha mahali pawili, na mawingu yakatokea. Yote hayo hayakuzidi dakika tatu. "Mwezi huu hapa kwetu dakika ndizo hizo tu," alisema. "Upepo hunipora maji. Nilipochora Unguja wakati wa masika, nilikaa nusu saa na karatasi bado mbichi." Mwalimu mstaafu aliyekuwa pembeni yangu alinong'ona kwamba, kumbe, hata hali ya hewa ina mkono wake katika picha, na hakika hali ya hewa ya mji ulio mita zaidi ya 1,500 juu ya usawa wa bahari, wenye ukavu wa Julai, humlazimisha mtu achore upesi, ilhali unyevu wa pwani humlazimisha angoje.

Hapo ndipo muuguzi alipofungua mkoba wake. Alikitoa kile kikaratasi cha vipimo, akakigeuza, akaomba brashi. Hapana aliyethubutu kumkataza. Alilowesha, akangoja, akaigusisha buluu kama alivyoona; lakini karatasi ya daftari iliyanywa maji yote kwa pupa, pembe zake zikajikunja, rangi ikasimama pale pale ilipoguswa kama doa la wino, kisha ikapenya hadi upande wa pili na kuvifuta vipimo vya sebule, urefu kwa upana. "Mkono wako hauna kosa, mama," alisema mchoraji, "kosa ni la karatasi." Akamwonyesha yake, iliyotengenezwa kwa pamba, yenye uzito wa gramu 300 kwa kila mita ya mraba, iliyopakwa gundi ili isinywe maji haraka; na karatasi ya daftari la shule haifikii hata theluthi ya uzito huo. Ukiitazama kwa karibu uso wake una vinyweleo na mabonde madogo, na rangi hutua mabondeni ikaacha vilima vikimeta. Muuguzi alikisikiliza kisa chote cha karatasi hiyo hadi mwisho, kisha akakikausha kikaratasi chake kwa kukipepea, akakirudisha mkobani kwa uangalifu kuliko alivyokitoa.

Si sahihi kudhani kwamba sanaa hii ni mgeni aliyeshuka juzi kwa meli. Mtu wa Iringa anayetaka kujua umri wa rangi katika nchi yake hana haja ya kwenda mbali: pale Igeleke, karibu na mji, iko michoro ya kale juu ya mwamba, na huko Kondoa, ambako michoro ya miambani iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, watu wasiojulikana majina waliisaga ngeu, ule udongo mwekundu ambao mafundi seremala waliutumia kupigia mistari, wakaichanganya na kimiminika na kuwachora wanyama na watu ambao bado wanatembea juu ya mawe. Na pwani, katika kisiwa cha Pate, mji wa Siyu ulikuwa mashuhuri katika karne ya 18 na ya 19 kwa waandishi wa misahafu, waliozipamba kurasa zao kwa nakshi nyeusi, nyekundu na za manjano, wakijua bila kufundishwa na mchoraji wa Ulaya kwamba ukurasa hupendeza pia kwa pale palipoachwa peupe.

Huko Ulaya nako rangi za maji zilitumika zamani, na sungura aliyechorwa na Albrecht Dürer wa Ujerumani mwaka 1502 bado anahifadhiwa mjini Vienna, kila unywele wa manyoya yake ukihesabika. Lakini ni Waingereza walioifanya sanaa hii kuwa kama ada ya taifa. Mwaka 1804 wachoraji wa rangi za maji mjini London waliunda chama chao wenyewe, kwa kuwa wenzao wa rangi za mafuta waliwahesabu kuwa wadogo na kazi zao hazikupewa heshima katika maonyesho makuu. Wakati huo rangi zilikuwa zimeanza kuuzwa kwa vibonge vikavu, vilivyotosha katika kijisanduku cha mfukoni, na jambo hilo dogo ndilo lililozipa miguu: maofisa wa jeshi, mabaharia, wataalamu wa mimea na wasafiri wakazichukua kokote walikokwenda, katika zama ambazo kamera ilikuwa bado haijazaliwa, au ilikuwa mzigo wa wapagazi watatu.

Kwa njia hiyo zikafika kwetu. James Augustus Grant, ofisa wa jeshi la India aliyefuatana na John Hanning Speke kutoka pwani yetu mwaka 1860, alichora kwa rangi za maji watu, mimea na mandhari ya njiani. Na ugonjwa wa mguu ulipomfunga miezi mingi kwa Mukama Rumanika wa Karagwe, mwenziwe aliyeendelea na safari alipata umaarufu, naye Grant akapata muda wa kutazama. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1949, serikali ya kikoloni ya Kenya ilimwagiza mwanamke mmoja awachore watu wa makabila ya nchi hiyo katika mavazi na mapambo yao, kabla hayajatoweka. Mwanamke huyo ni Joy Adamson, aliyezaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau, ulio leo katika nchi ya Cheki. Ulimwengu unamjua kwa simba jike Elsa na kitabu juu yake cha mwaka 1960, lakini kabla ya simba alikuwa mchoraji wa maua, aliyetiwa moyo na mumewe wa wakati huo, Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Mamia ya picha alizozichora yalihifadhiwa, na Makumbusho ya Taifa ya Nairobi ni mahali ambapo mtu anaweza kuonana nazo ana kwa ana, akahesabu shanga za kifuani moja moja. Mtu aweza kuhoji jicho la mgeni aliyetumwa na serikali ya wageni, na ni haki ahoji. Lakini mjukuu anayetaka kujua bibi yake alivaaje siku ya harusi, hapo atapata jibu ambalo pengine kinywani mwa watu halipo tena.

Wenyeji nao hawakukaa kimya. Margaret Trowell alipoanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937, wanafunzi kutoka Uganda, Kenya na Tanganyika walipata mahali pa kusomea fani hii kwa utaratibu. Miongoni mwao walikuwamo Sam Ntiro wa Kilimanjaro (1923–1993), ambaye baadaye aliiwakilisha nchi yetu mjini London kama Balozi, na Elimo Njau, aliyezaliwa mwaka 1932, mwanzilishi wa jumba la sanaa la Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965. Unguja nayo ilimpata John da Silva, aliyetumia miaka mingi kuyachora majumba na milango ya Mji Mkongwe. Wengi katika nchi zetu, hata hivyo, walichagua mafuta, mbao, nakshi za chapa au vinyago, na sababu si ngumu kuziona: karatasi ya pamba ni ghali na huagizwa nje, kioo na fremu vinataka fedha, mchwa na ukungu havimwogopi msanii, na kwa mtalii ni rahisi kukunja turubai kuliko kubeba kioo.

Tulirudi kwenye picha, na iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote ilikuwa ndogo, haizidi sinia ya chai: wanawake watatu wakifua kando ya mto Ruaha Mdogo, shamba la mahindi nyuma yao. Nilitegemea sifa, nikasikia mashtaka. Yule mkulima alikuwa wa kwanza: "Mahindi haya yametoa mbelewele, na nyasi hizi zimekauka. Mwaka gani huo?" Mchoraji akakiri kwamba aliianza picha mwezi wa Machi akaimaliza mwezi wa Agosti. Mwalimu akatazama vivuli, akasema mti unadai ni asubuhi na jiwe linadai ni jioni. Karani wa forodha, aliyezoea kukagua mizigo ya watu maisha yake yote, akahesabu nguo zilizoanikwa na watu waliokuwapo, akasema hesabu haikubaliani, lazima yuko wa nne aliyeingia majini. Mchoraji alicheka, kisha akaacha kucheka, akatoa kalamu ya risasi na kuandika yote hayo katika kijitabu chake.

Ndipo Kiranja akauliza, "Na huyu wa katikati, mbona hana uso?"

"Nilijaribu mara tatu kumpa uso, mama, kila mara akawa mtu nisiyemjua. Mara ya nne nikamwacha."

Mama mmoja, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, akasema kwa sauti ya chini: "Umefanya vizuri. Tulipokuwa tukifua mtoni sisi wasichana, hapana aliyetuona nyuso. Walituona migongo." Wakanyamaza wote, nami nikafahamu kwa nini inafaa watu waliosoma pamoja waende pamoja kutazama. Mgeni angeona wanawake watatu na mto. Hawa kila mmoja alileta mbele ya kioo kazi ya maisha yake, jembe, chaki, sindano, muhuri wa forodha, na kwa kuwa walikwisha kuonana wakikosea hesabu na wakiadhibiwa, hawakuoneana haya kusema walichokiona. Katika majumba ya sanaa aibu ni pazia zito kuliko lolote lililoshushwa dirishani. Watu wengi hupita mbele ya picha wakitikisa kichwa, wasije wakaonekana hawajui.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuingia mahali kama pale, nimeokota mambo matatu kutoka kwa akina mama hawa, nami nayatoa kama nilivyoyapata. Kwanza, usianze na kibandiko cha bei wala jina. Anza na mahali palipo peupe, ujiulize paliachwa au palipakwa. Pili, simama mbali uone picha, kisha sogea karibu uone maji: utayaona yalikokimbilia, yalikosimama, yalikokauka na kuacha ukingo mweusi kama ufuo baada ya kupwa. Tatu, iulize picha kile unachokijua wewe, si kile unachodhani mtaalamu angekiuliza. Aliyelima aiulize mahindi, aliyeshona aiulize nguo.

Nina neno moja pia kwa vikundi vya waliosoma pamoja, ambavyo katika nchi yetu ni vingi. Kuzikana ni wajibu, kuozeshana ni furaha, na anayejenga darasa au kununua madawati kwa shule iliyomlea amefanya jambo adhimu. Lakini katika shule zetu nyingi uchoraji haufundishwi, au hufundishwa kwa maneno, mwalimu akiitaja brashi asiyokuwa nayo. Makopo mawili ya maji hayana gharama. Sahani ya bati ipo katika kila nyumba. Kinachokosekana ni karatasi inayofaa, brashi chache, na mtu mzima asiyeona aibu kuketi na watoto akakosea mbele yao. Anayekwenda kuizuru shule yake ya zamani na aende na vitu hivyo, tena aende kama mwanafunzi, si kama mfadhili.

Wa Tosamaganga wamekwisha kuanza. Katika kikao cha Agosti daftari la michango lilichorwa mstari mpya, na sasa lina sehemu tatu: misiba, harusi, brashi. Sebule ya muuguzi haijapakwa rangi, kwani vipimo vyake vilifutika na hajapima tena; lakini kile kikaratasi chenye doa la buluu kimetiwa kioo na kutundikwa humo, upande usio na dirisha.